Mlio wa Injini Baridi

Gari lililomuua mwenyewe lilikuwa limefunikwa turubai nyuma ya kituo cha polisi, katikati ya pikipiki zilizokamatwa na lori lililong'olewa milango. Tangu Jumamosi lilipovutwa hadi hapo, askari waliozoea kuvutia sigara kwenye kona ile walihamia kona nyingine. Hakuna aliyewakataza. Walihama tu.

"Funua," Inspekta Sindano alimwambia Koplo.

Sindano halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo chuoni kwa sababu ya wembamba, na kazini likamganda kwa sababu nyingine: alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo yalichoma. Asubuhi hiyo alikuwa amefura kwa hasira. Mkuu wa kituo alimwita kabla hajaketi, akamwambia jalada la gari lile lifungwe leo hii. Fundi aliyelitengeneza angepandishwa mahakamani alasiri kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kesi nyepesi, Mkuu alisema, huku akimsukumia jalada kwa kidole kimoja. Sindano alikuwa na tabia ya kuziogopa kesi nyepesi, na hii ilimnyima usingizi.

Turubai likaanguka. Gari lilikuwa sedani nyeusi ya milango minne, pana, yenye boneti ndefu iliyotobolewa matundu mawili mithili ya pua. Kwa nje ungesema ni gari la kupeleka watoto shule. Ndani mlikuwa na injini ya silinda nane ambayo ikinguruma madirisha ya majirani hutetemeka. Matairi ya nyuma yalikuwa mapana kuliko ya mbele, na bampa ya nyuma ilikuwa imebonyea, imebaki na rangi ya kijani ya geti.

Mwenyewe alikuwa mkandarasi wa kuchimba visima, mtu wa kupenda kusikika. Jumamosi asubuhi alikutwa amebanwa kati ya bampa ile na geti la nyumba yake, upande wa ndani, ameshakata roho. Mdogo wake, anayeishi humo humo, ndiye aliyetoa maelezo. Kaka yake, alisema, alikuwa akirudi kutoka safari ya usiku kucha. Akaingiza gari uani, akalisimamisha bila kulizima, akashuka kwenda kufunga geti nyuma yake. Gia ya gari lile ilikuwa na sifa mbaya ya kutokaa, na ua wa nyumba unainamia getini. Gari likamrudia kinyumenyume. Mdogo mtu akatoka mbio aliposikia kishindo, akalisogeza mbele, akalizima. Mjane alisema alikuwa jikoni, hakuona kitu. Maelezo yalikaa vizuri, na vijana wa visimani hawakusaidia lolote. Bosi wao aliwaaga Ijumaa jioni, walisema, na wasingejua alilala wapi.

Sakafu ya saruji pale uani ilijaa michirizi myeusi ya matairi. Lakini marehemu alikuwa akiwafurahisha wageni wake kwa kuyazungusha matairi papo hapo mpaka moshi unatoka, kwa hiyo michirizi haikumwambia mtu chochote.

"Mlete fundi," Sindano alisema.

Fundi aliletwa na pingu mkononi. Alikuwa bwana mnene mwenye mdomo, na mahabusu haikuwa imempunguzia sauti hata kidogo. Kilichomsumbua Sindano juu ya mtu huyu ni jambo dogo. Jana, kwenye mahojiano, alipoulizwa habari za gia, kosa analoshtakiwa nalo, alijibu akiwa ameinua kidevu. Alipoulizwa habari za injini, ambayo haikumhusu mtu, aliomba maji kabla ya kujibu. Mtu anayeogopa swali lisilo lake huwa ana jambo, na Sindano alitaka kulijua kabla ya alasiri.

"Mfungue pingu," alimwambia Koplo. "Fundi, leo utanionyesha hiyo gia."

"Mama, nilikuwa nangoja siku hii." Fundi alijisugua vifundo vya mikono. "Nimesema na nitasema. Mkono wa gia wa gari hili una ujinga wake tangu kiwandani. Ukiusukuma unarudi katikati wenyewe. Ukiutazama kwa macho hujui gari liko gia gani, mpaka usome herufi kwenye dashibodi. Watu wanashuka wakidhani wameegesha, kumbe wameliacha huru. Ndiyo maana nikambadilishia sensa, kile kifaa kinachoisoma gia, mpya kabisa. Gia haichomoki."

"Tutaona. Koplo, kaa kwenye usukani. Tangu lifike hapa kuna aliyeliwasha?"

"Hakuna, afande. Lilivutwa mpaka hapa, likafunikwa."

"Washa."

Betri ilikuwa imechoka, na injini ilikohoa kabla ya kukamata. Kisha ikanguruma, na pikipiki zile zilizopangwa pembeni zikatetemeka kwenye stendi zake. Chini ya ngurumo ukaanza mlio mwingine. Tata-tata-tata-tata. Mkavu, wa haraka, kama mtu anayegonga meza kwa kijiko na hataki kuacha.

Fundi akaanza kusema kwa sauti kubwa. Alieleza sensa ile ilivyotoka ng'ambo, ilivyochelewa, alivyoifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alisogea mpaka dirishani kwa Koplo. "Kanyaga mafuta kidogo, kijana. Kanyaga. Lipashe moto."

"Usikanyage," Sindano alisema.

Alitoa simu yake, akaiweka juu ya boneti, akaacha inarekodi. Fundi aliitazama simu ile kama mtu anayetazama nyoka sebuleni. Maneno yakamwishia. Wakasimama wote watatu, na mlio ukaendelea kugonga. Kisha, taratibu, ukaanza kufifia, ukawa wa kukatakata, ukapotea. Ikabaki ngurumo tupu, laini, ya kupendeza.

Fundi akashusha pumzi. Koplo akaisukuma gia, akaegesha, akaachia breki. Uwanja wa kituo nao una mteremko. Gari halikusogea. Akarudia kwa nguvu, akarudia kwa uvivu, akashuka na kuusukuma mlango kwa mgongo. Gari lilikaa pale pale.

"Si nilisema," fundi alisema, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

"Ulisema. Zima, Koplo." Sindano alichukua simu yake. "Sasa niambie ule mlio ni wa nini."

"Mlio upi, mama?"

"Fundi."

"Gari la silinda nane halikosi kelele. Kelele ndiyo wananunulia."

"Kwa mdogo wa marehemu nimeambiwa ulifungua injini hii, ukaweka tapeti mpya. Kazi ya tapeti nini?"

"Zinasukuma valvu. Injini hizi, ukienda taratibu, silinda nne zinalala ili zisile mafuta. Kulala na kuamka, kulala na kuamka, ndiko kunakoua tapeti. Zikifa, zinagonga."

"Na ukiweka mpya?"

"Hazigongi."

"Hii imegonga."

Fundi alitazama turubai lililolala chini. Sindano hakumharakisha. Alimwacha ajione mwenyewe alivyoingia kwenye kona, kisha akasema kwa upole ambao Koplo aliufahamu na kuuogopa, "Alasiri unapanda mahakamani. Mkuu ana hakika na wewe. Mimi sina. Unadhani unanificha mimi, kumbe unajifungia mlango kwa nje."

"Nikisema, gereji yangu imekufa."

"Usiposema, utaizungumzia ukiwa ndani."

Fundi alijikuna kisogo. Ile sauti yake kubwa ikawa imeenda likizo. "Sikuweka tapeti," alisema. "Marehemu aliniletea hela ya tapeti, nikaifanyia mambo yangu. Nilidhani nitaziweka baadaye. Injini hii inataka oili nyepesi, nyepesi kama maji, tena ya bei ya kuumiza. Mimi nikamwaga oili nzito, ya malori. Ukiweka nzito, injini ikishapata moto, kelele inazibwa. Mteja anakuja, unamwashia likiwa limeshapashwa, anasikiliza, anafurahi, anaondoka. Ni mchezo wa mafundi wengi, mama, si wangu peke yangu."

"Na likiwa baridi?"

"Likiwa baridi ni balaa. Oili nzito inachelewa kupanda. Hapo linagonga kuliko mwanzo, mpaka lipate moto. Nilijua atalalamika asubuhi."

"Akalalamika?"

"Akaja. Akaniuliza mbona nimeweka tapeti mpya na bado kila asubuhi linagonga. Ningemwambia nini?" Fundi aliipangusa boneti kwa kiganja. "Nikamwambia basi injini yenyewe imekufa. Atafute nyingine, nzima, iletwe kwa meli."

"Ilikuwa imekufa?"

"Haikuwa imekufa. Tapeti zake na oili yake halisi, ingekwenda miaka. Lakini ndiyo gari lenyewe, mama. Ukilinunua wamekuuzia mlango wa kuingilia tu. Tairi za nyuma linakula kama karanga. Diski za breki zinapinda kwa joto. Rejeta inavuja, pampu ya maji inavuja, betri inanyonywa usiku gari likiwa limezimwa. Mtu wa gari hili amezoea kuambiwa habari mbaya. Akiambiwa moja zaidi hashangai."

Alisema hayo akitazama miguu yake. Sindano alimchukia kidogo, na kumhurumia kidogo, akaviweka vyote viwili kando.

"Sikiliza vizuri. Gari hili likitoka safari, limekimbia usiku kucha, likaingia nyumbani asubuhi. Linagonga?"

"Haliwezi. Limepata moto. Litanguruma tu."

"Ukilizima kidogo ukaliwasha?"

"Bado. Mpaka lipoe kabisa. Mpaka lilale."

"Kwa hiyo ukilisikia linagonga..."

"Ujue limeamshwa sasa hivi. Halikutoka popote."

Koplo, aliyekuwa ameegemea lori, akajiinua polepole. Yeye ndiye aliyekwenda kwa majirani ile Jumamosi. Mshonaji wa nyumba ya pili alimwambia alisikia "tata-tata" kabla ya kishindo, na Koplo akamwuliza kama si cherehani yake mwenyewe. Mama wa watu alimfungia mlango usoni. Kituoni walicheka siku nzima.

"Afande," Koplo alisema, "kuna jingine. Nilipofika pale nyumbani, niliegemea boneti kuandika. Ukanigombeza."

"Uliegemea kielelezo. Nilikuwa na haki."

"Ulikuwa nayo. Lakini sikuungua. Hata joto la kuniinua sikulisikia."

Lilikuwa jambo dogo, na wakili yeyote angelipuliza likapaa, kwa kuwa walichelewa kufika na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Hata hivyo lilikaa upande ule ule na mlio.

"Mrudishe fundi ndani," alisema. "Kisha chukua funguo za gari letu."

"Si mmesema sina kosa?" fundi aliuliza.

"Nimesema sina hakika na wewe. Kosa unalo. Sijajua bado ukubwa wake."

* * *

Mshonaji alimfungulia Sindano mlango, akamwona Koplo nyuma yake, na nusura aufunge tena. Alikuwa mama wa makamo mwenye pini zilizochomekwa kwenye ukosi.

"Huyu hatasema neno," Sindano alisema. "Nimekuja mimi kuomba radhi na kukusikilizisha kitu."

Aliwasha rekodi. Mshonaji aliinamisha kichwa, na Sindano akamwona akiufuata mlio ule kwa kidole hewani.

"Ndio huo," alisema. "Na siku hiyo nilikuwa natarizi kwa mkono, mwambie huyo kijana wako. Huo mlio ndio saa yangu ya asubuhi, mama. Huyo bwana akiondoka lazima uanze. Akirudi, haupo. Akirudi madirisha yangu ndiyo yanalia."

"Jumamosi madirisha yalilia kwanza?"

"Hayakulia. Ulianza huo, tata-tata. Nikasema, leo Jumamosi naye anakwenda wapi. Haujanyamaza, likanguruma mara moja, kwa nguvu. Kisha kishindo." Akajishika mkono. "Baada ya hapo mlio uliendelea. Ndicho kilichonitia baridi. Kishindo kimepita, na mlio bado unaendelea, kama hakuna kilichotokea."

Nje, Sindano alisimama kando ya gari lao bila kufungua mlango.

"Gari linaloserereka lenyewe halingurumi," Koplo alisema, akijaribu.

"Linanguruma likikanyagwa," Sindano alisema. "Tena na mtu aliyekaa ndani."

* * *

Geti la marehemu lilikuwa bado limepinda kwa nje, na uwazi wake umezibwa kwa kamba. Waombolezaji walikuwa wameshatawanyika, na viti vya kukodi vilipangwa ukutani vikingoja mwenyewe. Sindano alipita akiinama chini ya kamba, kisha akasimama. Bawaba za geti zilipakwa grisi, nyingi, safi, haijashika hata vumbi la wiki. Alikumbuka mikono ya marehemu ilivyokuwa, nyeusi kwa grisi mpaka vifundoni. Wote waliiona. Alikuwa mtu wa magari, na hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Mtu aliyeshuka mara moja kufunga geti hapaki bawaba zake grisi.

Alimwashiria Koplo azunguke hadi mlango wa mbele na kungoja. Yeye alifuata ubavu wa nyumba mpaka nyuma, ambako mjane alikuwa akianika nguo za mtoto. Alikuwa mwanamke mfupi, bado kijana, na macho yake yalikuwa makavu kwa namna ya mtu aliyemaliza machozi mapema kuliko wenzake. Dirisha la sebule lilikuwa wazi juu yao. Ndani, sauti ya mwanamume ilikuwa ikiimba wimbo wa kubembeleza, ikikosea maneno.

"Shemeji yako?" Sindano aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anamlaza mtoto. Kwangu halali siku hizi. Anamtaka baba yake mdogo tu."

"Nataka usikilize kitu, dada."

Alibonyeza simu. Tata-tata-tata. Mjane alikuwa amenyoosha mkono kwenye kamba, na mkono ule ukabaki juu, umeshika soksi ya mtoto. Macho yake yalikwenda dirishani, yakarudi.

"Zima," alisema. "Zima, dada, nakuomba. Atasikia."

Sindano akazima. Wimbo ndani ulikuwa umesita. Baadaye kidogo ukaendelea.

"Jumamosi ulikuwa jikoni," Sindano alisema. "Uliniambia hukuona kitu, nami nikaamini. Sikukuuliza ulisikia nini. Hilo ni kosa langu. Nakuuliza sasa."

Mjane aliibana soksi kwenye kamba, akachukua nyingine, akairudisha kwenye beseni.

"Lile gari lilikuwa na mdomo," alisema. "Wewe hujaishi nalo. Kwanza tairi. Kisha breki. Kisha rejeta, kisha tairi tena. Nilikuwa na duka la vitambaa, likaenda. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Akiwa na lile gari alikuwa kama mtu aliyeshikwa homa, na homa ikipanda hasikii. Mwezi uliopita akaja akasema injini imekufa, inatakiwa injini nzima. Nikamwuliza hela iko wapi. Kisha nikasikia kwa watu kwamba nyumba inauzwa."

"Nyumba hii?"

"Hii. Waliachiwa na mama yao wote wawili, lakini jina lililoandikwa ni la mkubwa. Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi mchana."

Sindano aliliona tena akilini lile turubai, na fundi amesimama kando yake akitazama miguu yake. Injini nzima, iletwe kwa meli.

"Endelea," alisema.

"Hakuwa safarini. Alirudi Ijumaa usiku, akalala hapa. Asubuhi akaamka mapema, akasema geti linalia vibaya, mnunuzi asije akaona nyumba chakavu. Akaenda kulipaka grisi. Alikuwa akiimba, dada. Alikuwa na furaha. Akamwambia mdogo wake alitoe gari nje, mgeni apate mahali pa kuegesha. Akampa ufunguo."

"Ukasikia mlio."

"Nilimsikia mume wangu akiimba pale getini, na gari likigonga pale uani. Vyote viwili kwa wakati mmoja." Alisema hayo polepole, na Sindano alielewa kwamba alikuwa ameyasema mara nyingi kichwani mwake, gizani, bila msikilizaji. "Kisha likanguruma. Kisha nikausikia mlio peke yake."

"Ukajua."

"Ningekosaje kujua? Kwenye nyumba hii tulikuwa watatu na mtoto."

"Na ukanyamaza."

"Mdogo wake alikuja jikoni. Akasema, shemeji, gia imechomoka. Akasema, nyumba haitauzwa sasa, mtalala hapa wewe na mwanao mpaka mzeeke. Akasema kaka alikuwa safarini, ndiyo kwanza arudi, na mimi nikaitikia. Nikamwona jinsi alivyonitazama nilipoitikia. Tangu siku hiyo hatoki ndani. Nikienda sokoni anabaki na mtoto. Nikienda bafuni anabaki na mtoto. Ni mwema kwake, hajamfanyia kitu. Lakini hamwachi." Akaufunika mdomo wake kwa kiganja, akauondoa. "Na yule fundi ana watoto. Mkewe alikuja hapa kwenye msiba. Alinisaidia kuosha vyombo."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasema."

Sindano akageuka kuelekea mlango wa nyuma. Mkono wa mjane ukamshika kwenye kiwiko, kwa nguvu asizomdhania.

"Ngoja. Mtoto yuko mapajani kwake. Niache nikamchukue kwanza."

Hapo Sindano aliogopa, kwa mara ya kwanza tangu kesi ile ianze. Alikuja na mlio wa injini, bawaba na boneti, akiwa na furaha ya kuvipanga vikapangika, na hakuwa amemhesabu mtoto. Wimbo dirishani ulikuwa umekoma. Hakujua umekoma tangu lini.

Mjane alitangulia. Sindano alimfuata kwa hatua za paka mpaka kwenye korido, akasimama pale mlango wa sebule ulipoacha mwanya. Mdogo wa marehemu alikuwa ameketi kwenye kochi, mwanamume mrefu aliyevaa kandambili, na msichana mdogo amelala kifuani pake, mdomo wazi. Mkono wake mmoja ulilala mgongoni kwa mtoto.

"Shemeji, nipe nikamlaze kitandani," mjane alisema. Sauti yake ilikuwa ya kila siku, na Sindano alistaajabu aliitoa wapi.

"Amelala sasa hivi. Ukimgusa ataamka."

"Nipe tu."

"Nani yuko nje?"

Mjane alinyoosha mikono. Mwanamume yule hakuinua sauti. "Nimelisikia lile gari," alisema. "Nikadhani naota. Nimekuwa nikilisikia kila nikifumba macho. Lakini leo nilikuwa macho, namwimbia huyu."

Sindano akausukuma mlango, akaingia. Mikono yake aliiweka wazi, ionekane.

"Mpe mama yake mtoto," alisema.

Mwanamume alimtazama, kisha akamtazama mjane. Mkono ule mgongoni kwa mtoto uliinuka na kushuka kwa pumzi za mtoto, na kwa muda ambao Sindano hakuupenda kabisa haukufanya kingine. Kisha mwanamume akainama mbele, taratibu sana.

"Shika kichwa," alimwambia shemeji yake. "Shingo yake bado inalegea akilala."

Mjane akampokea, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mtoto alilalama kidogo, akageuza uso begani kwa mama yake, akaendelea kulala. Mwanamume aliitazama mikono yake mitupu iliyobaki mapajani.

"Mnunuzi alikuwa aje mchana," alisema. "Nilimwomba kaka siku nyingi. Nilimpigia magoti, kweli kabisa, kwenye saruji ile pale nje. Huyu angelala wapi? Akasema injini kwanza, nyumba zinanunuliwa tena. Nilipokaa kwenye usukani alikuwa amenipa mgongo, anaimba." Akainua macho. "Yule fundi bado mmemfunga?"

"Bado."

"Basi mwachieni. Yeye hakufanya kitu. Alimwambia kaka ukweli tu, kwamba injini imekufa."

Sindano akafungua mdomo. Mjane alikuwa amesimama pale ukutani na mtoto begani, macho yamemtoka, akimtazama yeye na si shemeji yake. Alikuwa ameusikia ule ukimya mdogo na sasa alikuwa akingoja neno la kuujaza. Sindano alijua siku ya mahakama mjane atalisikia, mbele za watu, kutoka kinywani mwa fundi mwenyewe. Leo hakuwa na nguvu za kulitamka.

Akafunga mdomo, akachomoa pingu kiunoni.

"Simama," alimwambia yule mwanamume. "Geuka polepole, tusimwamshe mtoto."